Nguzo Nne Kando ya Jiwe la Maili

Nilipoolewa Kigombe, katikati ya miaka ya hamsini, shamba la minazi la mama mkwe lilipakana na barabara ya Pangani. Ukingoni palikuwa na jiwe la maili la enzi ya Mjerumani, limefika kiunoni, limechongwa maua kama yale ya milango ya kale. Sisi tulilizoea, tukiliegemezea mizigo.

Siku moja wakaja watu wa bomani. Wakalisugua, wakalipaka chokaa, wakachimbia nguzo nne na kuzizungushia mnyororo. Karani aliyewaongoza, mtu wa makamo mwenye tarabushi, alisema jiwe hilo ni ukumbusho na serikali inataka litunzwe.

Mama mkwe hakuamini hata neno moja. Alikuwa mjane, na aliwahi kuona shamba la kaka yake likimezwa na mkonge, baada ya watu kuja kupigilia vigingi tu. Akaniuliza tangu lini serikali ikapenda maua. Mwenye duka wa Kihindi alipomweleza kwamba hata kwao mawe ya kale hutunzwa, alimshukuru kwa adabu, kisha njiani akaninong'oneza kuwa huyo naye anaitamani minazi yetu.

Asubuhi iliyofuata akagundua nguzo mbili zimeingia upande wetu. Hakumshauri mtu. Alichukua jembe, akazing'oa, akazichimbia upya kando ya barabara. Mimi nilimshikia mnyororo, masikio yote kwenye barabara, nikihofia gari la bomani.

Karani alirudi wiki ile ile. Akamwamkia shikamoo, akaziangalia nguzo, akamwangalia na yeye.

"Nani kazihamisha, bibi?"

"Mimi. Jiwe mmeliwekea ulinzi. Minazi yangu inalindwa na nani?"

Nilijua atamkamata. Lakini aliinama, akaukaza mnyororo kwa mikono yake, akasema vibarua ndio waliokosea. Akaomba maji, akanywa, akapanda gari lake, akaenda zake.

Nilitaka kupiga vigelegele. Mama mkwe alisimama akilitazama gari mpaka likapotea.

"Mbona amekubali upesi hivyo?" akaniuliza.

Tangu hapo kila alipokwenda shambani alizitikisa zile nguzo moja moja, aone kama zimesogea. Shamba halikuchukuliwa, alipofariki lilikuwa letu bado. Ila wageni walipoanza kusimama kulipiga jiwe picha, aliwatokea kila mara akawauliza, kabla ya salamu, wametumwa na nani.