Gari la Mbio Nyuma ya Matarumbeta

Barua hii imetoka kwa msomaji wetu wa Kariakoo. Jina lake tumelificha kama alivyoomba.

Ndugu wasomaji, kwa masikitiko makubwa natangaza kifo cha gasketi ya silinda hedi ya gari langu, kilichotokea ghafla siku ya Jumapili, saa saba na nusu mchana, hapo Gerezani, mbele ya umati wa watu. Marehemu ameacha pistoni nne na mwenye gari mmoja asiyejua pa kuuficha uso wake.

Mwenyewe ni mimi, mwanamume wa miaka arobaini na saba, karani wa bohari, mwenye kitambi cha wastani. Gari langu ni dogo, la milango miwili, nililipata kwa mtu wa Upanga aliyekuwa anahama. Wenzangu wa umri huu gari likiwaka tu asubuhi wanamshukuru Mungu. Mimi nilitaka likimbie. Nilitaka vijana wa Kariakoo wasikie ekzosi wajue mzee anapita.

Kaka wa mke wangu ni fundi Gerezani, na sisi ni watani. Nikampelekea orodha yangu: kabureta mbili, kamshafti ya mashindano, na silinda hedi ikwanguliwe ili injini ibane zaidi. Akaisoma yote, akaifutia mikono yake yenye grisi.

"Shemeji, unataka gari au unataka sifa?"

"Vyote viwili."

"Basi tunaanza na breki. Hedi nikiikwangua, kwa petroli hii tunayoipangia foleni, injini itagonga kama mgeni anayebisha hodi. Na kamshafti hiyo ni ya mtu anayekwenda mbio kutwa nzima. Wewe unakwenda kazini na sokoni."

Nilinuna wiki nzima. Akasaga valvu upya, akaweka ekzosi pana, akazibua rejeta, akafunga kabureta moja iliyo kubwa kidogo, aliyoitoa kwenye gari lililokufa. "Hii itakupa mbio," akasema, "na itakurudisha nyumbani." Kweli, miezi mitano gari halikunilaza njiani hata siku moja. Lakini roho yangu haikutulia. Nilijiona nimenyimwa kitu.

Ikafika harusi ya binti yangu. Nikala kiapo kwamba sitaazima gari la mtu, nitampeleka mwenyewe kwa mumewe Buguruni, na tutafika mapema, kwa sababu Jumapili baada ya saa nane magari ya watu binafsi hayaruhusiwi barabarani. Gari likafungwa maua. Mjomba mtu, yaani huyo huyo shemeji fundi, akakaa mbele pamoja nami, bibi harusi na somo yake nyuma.

Sasa nyote mnajua harusi zetu. Matarumbeta mbele, kina mama wanacheza, gari linafuata hatua kwa hatua. Mwendo wa konokono. Kabla hatujaimaliza Gerezani, mshale wa joto ukapanda, mvuke ukatoka chini ya boneti, injini ikakohoa, kimya. Binti yangu akashuka, akaenda kwa miguu, shangazi zake wamemtandia kanga juu kama mwavuli. Trafiki akaja, akatazama saa yake, akaniambia, "Mzee, saa nane bado, lakini naona wewe umeshatii amri." Watu wakacheka hadi wapiga tarumbeta wakakosa pumzi.

Hapo nikasema kwa sauti ya kusikika, "Huyu shemeji yangu na kabureta yake ya kuokota ndiye aliyeniulia gari."

Maneno yale yamekaa. Gereji yake sasa imepungukiwa wateja. Wanaopita wanamwita fundi wa maharusi. Mke wangu hasemi na kaka yake. Idi hii hakuja kwetu, na sahani yake mke wangu aliiacha kabatini makusudi, nami nilikula pilau kama nakula mchanga.

Kabla hamjanishauri, acheni niseme ukweli ambao sijamwambia mtu. Jumamosi ile ya kuamkia harusi, kwenye baraza ya kahawa, bwana mmoja aliyewahi kuwa baharia alituambia feni ya kupozea rejeta inakula nguvu ya injini, na gari likienda kasi upepo unaingia wenyewe. Nikarudi nyumbani, nikafungua boliti nne, nikatoa mapanga ya feni kwa mikono yangu. Sikukumbuka kwamba nyuma ya matarumbeta hakuna kasi wala upepo. Mapanga hayo yako chini ya kitanda ninacholalia, nimeyafunga kwenye gazeti.

Na si hilo tu. Pale Gerezani shemeji ndiye aliyefungua boneti. Aliona pengo la feni. Akanitazama mimi, akamtazama dada yake katikati ya kina mama, akamtazama bibi harusi aliyekuwa anaondoka kwa miguu. Akaifunga boneti taratibu, akawageukia watu, akasema, "Ni kweli, jamani. Kosa langu."

Gari bado liko kwake. Jana nilipita mbali kidogo nikaliona: amefunga hedi nyingine, sikumwomba. Mahali pa feni pameachwa wazi.

Naona ananisubiri niilete. Wasomaji wenzangu, nimwambie kwanza mke wangu, au niyabebe mapanga yale mchana kweupe, nipite nayo barazani kwa wanywa kahawa, hadi gerejini?