Taa ya Pampu ya Shangazi Mwanaidi

Mota ya pampu ikiungua hutoa harufu ya nywele zilizoshika moto, ikichanganyika na rangi mbichi ya mlango. Harufu hiyo niliikuta uani kwetu, Bagamoyo mjini, mchana mmoja nikiwa na miaka kumi na moja, natoka shule na daftari kwapani. Kibanda cha pampu kilikuwa kinafuka moshi. Baba mdogo Athumani alisimama mlangoni pake na kipande cha mpira wa maji mkononi, na kabla sijamaliza kumwamkia alikuwa keshanichapa nacho. "Umeiacha tangu asubuhi! Kisima kimekauka, mota imekufa!" Mimi nilikuwa nimeizima. Niliizima kwa mkono huu huu ninaoandikia. Lakini mnyonge hana haki, na aliyefiwa na baba hana hata pa kuidai. Siku ile ile akatangaza kwamba shule inanipumbaza, nikae nyumbani nilinde pampu mpya itakapokuja. Nilikuwa darasa la tano, na sikurudi tena. Namtaja kwa jina kwa sababu watu wa kwetu wanapenda kusema "mtu mmoja" hali wote wanamjua. Ni Athumani, mdogo wake marehemu baba. Na mkewe, Bi Tatu, aliujua ukweli, akanyamaza.

Kisima chenyewe alikichimba babu, akakiweka wakfu: jirani yeyote achote maji ya kunywa, kupikia, kuoga na kutawadha. Ya kujengea, marufuku, maana chemchemi yake ilikuwa nyembamba. Ukikikamua sana maji yanageuka chumvi, kisha yanakatika. Mwangalizi wake alikuwa shangazi Mwanaidi, dada mkubwa wa baba, aliyenilea baada ya mama kuolewa tena Pangani. Shangazi alikuwa kiziwi. Homa ilimchukua masikio akiwa msichana, ikamwachia macho ya ajabu. Alisoma midomo ya watu; na zile kofia alizodarizi, vitundu vyake ungedhani vimetobolewa na sisimizi. Sauti yake mwenyewe hakuisikia, kwa hiyo kunong'ona hakukujua; akikuita chumbani wanageuka watu wa mtaa wa pili. Na kwa kuwa hasikii pampu ikinguruma, mimi ndiye niliyekuwa masikio yake. Ndiyo maana lawama ilinikaa vizuri kama gauni la kupimiwa.

Pampu mpya ilipofungwa, baba mdogo alinisimamisha mbele ya watu wa nyumba nzima. "Hii nayo ikiungua, huyu anakwenda Chalinze kwa shemeji yangu, akaoshe sahani za madereva wa malori." Wanawe wakacheka, na tangu siku hiyo wakaniita Sahani. Haikupita wiki, nikiwa nimetumwa sokoni, shangazi akaikuta pampu ina joto kama chungu kilichoepuliwa sasa hivi. Niliporudi hakuniuliza kitu. Alikwenda stoo, akang'oa kitaa chekundu kwenye jiko bovu la umeme.

Akamwita Fundi Maulidi, mtengeneza redio. "Nataka pampu ikifanya kazi, taa iwake hapa ninapodarizi. Ikizimwa, nayo izimike." Maulidi akacheka, akanigeukia mimi: "Mwambie shangazi yako, hiyo hata Ulaya hawana." Shangazi alikuwa keshamsoma mdomo. "Ulaya wana masikio," akamjibu kwa sauti yake ile. "Funga." Akafunga, taa ikawaka, akajipangusa jasho kama mtu aliyemaliza. Shangazi akaenda kuzima swichi ya pampu, akarudi: taa inawaka. Akaenda kuiwasha, akarudi: inawaka vile vile. "Fundi, hii inaniambia umeme upo. Mimi sikuuliza umeme. Nimeuliza pampu." Maulidi akaanza hotuba ya nyaya, shangazi akamshika mkono, akampeleka kibandani, akamwonyesha kwa kidole waya unaoingia kwenye swichi na ule unaotoka kwenda kwenye mota. "Unaniletea habari za mtu aliye nje ya mlango. Mimi namtaka aliyekwisha kuingia." Mwanamke ambaye hakukalia dawati hata siku moja! Maulidi akazima umeme wa nyumba nzima, akauhamisha waya bila kicheko tena, na tangu hapo taa haikusema uongo. Nimeona mafundi wengi maishani, wengine wana vyeti ukutani. Sijamwona aliyejua kuuliza swali kama yule.

Ijumaa ya pili yake, wanaume wote wamekwenda msikitini na hutuba inasomwa, nilikuwa nimekaa miguuni kwa shangazi namshikia uzi. Taa ikawaka. Akaitazama, akanitazama mimi, akaitazama tena. Akanishika mkono, tukatoka. Kibandani tukamkuta baba mdogo, kanzu ameipandisha kiunoni, mpira wa maji umepita juu ya ukuta hadi kiwanjani kwake, na Bi Tatu upande wa pili anamwagilia matofali ya nyumba yao mpya. "Nilikuwa naangalia kama inafanya kazi, dada," akasema polepole. Shangazi hakuwa na polepole. "Athumani! Maji ya wakfu unafyatulia matofali! Wenzio wako msikitini, wewe uko kisimani! Na mtoto ukampiga!" Nasikia hata imamu alisita katikati ya hutuba. Njia ya mwongo ni fupi. Ya Athumani iliishia pale pale ukutani.

Chalinze sikupelekwa. Wazee wakakaa, wakasema yaishe, damu nzito kuliko maji. Athumani akaomba radhi kwa ajili ya wakfu; kwa ajili yangu hakuomba. Shangazi alikwenda shuleni mara mbili, akaambiwa jina langu limekwisha kufutwa. Siku moja nikamuuliza kwa nini hakuwaambia tu kwamba ananiamini. "Nilikuamini tangu siku ya kwanza," akasema. "Lakini imani ya kiziwi nani angeisikiliza? Nilitaka kitu ambacho hata yeye angekiona."

Shangazi ametangulia mbele ya haki. Athumani yupo, mzee wa heshima. Namwamkia shikamoo kwa kuwa ndivyo nilivyolelewa, ila msamaha asiusubiri. Mimi nina kisima changu njia ya Makurunge. Kijana aliyekuja kunifungia pampu alijisifu: "Mama, hii ina kinga. Maji yakikatika inajizima yenyewe, haiungui." Nikamwambia kumbe siku hizi hata pampu ina wa kuitetea. Biashara yangu ya nazi hunifikisha Chalinze mara kwa mara, na pale yanaposimama malori huwaona mabinti wa umri wangu wa wakati ule, wameinamia mabeseni ya sahani, povu limewafika viwikoni. Mimi nauli ya kurudi nyumbani huwa ninayo mfukoni. Nawauliza majina yao, majina yao kamili, na kila mmoja huangalia kwanza nyuma yake, kama aliyeulizwa ni mtu mwingine.