Kabila la Mchumba wa Kizungu

Mwaka wa sitini na tisa tulikuwa tunakaa Matrah, Omani kwa mababu zetu, tumeshatoka Unguja. Mdogo wangu wa kiume akaja kutoka Uingereza, alikokuwa akisoma, kutaka ruhusa ya kumuoa binti wa huko. Baba alishakufa, kwa hivyo neno lilikuwa la ami, ndugu yake baba. Na ami kila posa swali lake lilikuwa moja: kabila gani?

"Wazungu hawana kabila, ami."

"Wametoka wapi basi? Chini ya jiwe?"

Mdogo wangu akakitaja kijiji cha yule binti. Jina lenyewe kama mtu anakoroma. Mpaka leo sijalishika. Ami akataka maana yake. Hapo kijana akachangamka, maana kusoma ndiko kulikomharibu. Akasema jina hilo ni la Kiingereza cha kale: mwanzo wake ni jina la mzee mmoja, katikati ni watu wake, mwisho ni nyumbani. Yaani nyumbani kwa watu wa fulani.

Ami akaweka kikombe cha kahawa chini. "Kumbe wana babu! Bani fulani, wana wa fulani, kama sisi. Na huyo mzee alikuwa nani?"

"Hajulikani, ami. Imepita miaka elfu na zaidi."

"Miaka elfu na bado wanamtaja! Hao ni watu. Na binti ni wa kizazi chake?"

Mimi nnamkata jicho mdogo wangu: sema ndiyo, unyamaze.

"La, ami. Babake alihamia tu pale, kwa kazi ya treni."

Nlitamani kumpiga na dele la kahawa.

"Wahamiaji!" ami akasema.

"Na wewe je?" mama akamdakia kutoka mlangoni.

"Mimi nimerudi kwetu!"

"Umerudi kwenu, na juzi umeuliza njia ya sokoni."

Ami na mama hawakuwezana tangu zamani. Ami akamgeukia kijana. "Haya. Lakini kama hakusilimu, hapana posa."

"Keshasilimu, ami. Tangu Ramadhani."

"Mbona husemi, we mtoto?"

"Hukuniuliza. Umeuliza kijiji."

Ami akanyanyua mikono akasoma Fatiha ya kuikubali posa kwa ghadhabu, kama anamgombeza mtu. Mama akapiga kigelegele kabla ya amina, akakaripiwa, akapiga tena.