Lugha Iliyombakia Mama

Mama alizaliwa Lipingo, kando ya Ziwa Nyasa, akaolewa huku Mbinga kwenye kahawa. Alitulea kwa Kimatengo cha baba na Kiswahili cha shule. Ugonjwa wa kusahau ulipomshika, ulimnyang'anya Kiswahili kwanza, kisha Kimatengo. Akabaki na Kinyasa, ambacho hakutufundisha. Baba alikwisha fariki. Nikawa naishi nyumba moja na mtu nisiyeweza kuzungumza naye.

Mwaka huu, mvua zikielekea kwisha, akashindwa kumeza. Uji ulimpalia, kifua kikajaa. Hospitalini daktari aliniita pembeni.

"Dada yangu, tunaweza kumpitishia mpira puani, tumlishe kwa huo. Pengine ataongeza siku. Lakini wengi huuvuta, itabidi tumfunge mikono. Na akili haitarudi. Unaonaje?"

Nikawapigia kaka zangu, mmoja yuko Songea, mwingine Dar es Salaam. Walijibu vilevile: "Wewe ndiye uliye naye. Utakaloamua ni sawa." Walisema kwa heshima, nami sijawahi kujiona peke yangu kama siku ile.

Nilirudi kitandani. "Mama, unataka nini?" Akanitazama kama mgeni aliyebisha hodi, akasema maneno mengi, kwa upole. Sikuambulia hata moja.

Nikamwambia daktari, "Msimfunge. Nampeleka kwao."

Lipingo tulipokewa na mama mdogo, ndugu yake wa mwisho. Alipomsalimia kwa Kinyasa, Mama alifumbua macho, akajibu, akacheka. Nilikuwa nimesahau kicheko chake.

"Anasemaje?" nikauliza.

"Anauliza wewe binti wa nani. Nimemwambia ni wake. Anasema namtania, yeye hajaolewa bado."

Mama mdogo naye akacheka. Nikatoka nje, nikaosha vikombe vilivyokuwa safi.

Tulimlisha kwa kijiko, kidogo kidogo, kadiri alivyotaka, hadi akawa hataki tena. Padri alikuja kumpaka mafuta. Alikufa asubuhi, mkono wake ukiwa mkononi mwa mama mdogo. Mimi nilikuwa ziwani nafua khanga zake, nikasikia kilio kikitoka nyumbani.

Kaka zangu walifika, tukamzika huko huko. Tulipotoka makaburini, kaka mkubwa alinishika bega. "Ulifanya vizuri," akasema.

Nikaitikia kwa kichwa. Neno hilo nililihitaji kule hospitalini.