Wigi la Murielle

Pandu wa Makunduchi amelinda lango la ghorofa moja Hillbrow kwa miaka kumi na mmoja, na hajawahi kukamata mwizi hata mmoja. Wezi anaowajua ni wa kitabuni. Aliokota kwa muuza vitabu wa njiani kitabu cha sheria ya jinai ya Uingereza, hakina jalada, akakisoma mara sita baina ya kufungua geti na kulifunga. Kwamba Afrika Kusini ina sheria zake alijua vizuri. Ila kitabu alichokipata kilikuwa hicho. Jengo zima likamwita Wakili, nusu kwa heshima, nusu kwa kicheko.

Jumanne mchana akaitwa saluni ya chini. Angélique, msusi kutoka Lubumbashi, alikuwa amekalia kiti chake cha kazi kama anayekiaga. Mbele yake mteja wake Murielle, kajifunga kilemba, anatweta. Mama Héritière, mwenye saluni, kashika wigi jeusi. Alikwisha kusema: ikithibitika Angélique ni mnyang'anyi, kiti kinapata mtu mwingine leo hii.

"Pale kwa roboti, kwa taa za barabarani!" Murielle alifoka. "Taksi zimesimama, taa nyekundu, bantu bote banaangalia! Alinivuta wigi kichwani mpaka nikaona nyota!"

"Ni wigi yangu," Angélique akasema. "Nilimwazima aende harusi Kensington, wiki tatu harudishi. Mama, angalia ndani. Uzi mwekundu ni mkono wangu."

"Uzi mwekundu uko mu wigi zote unashona! Hii nilinunua kwako Noeli. Ile ya kuazima, hii hapa." Akalichomoa mkobani na kuligeuza. Uzi mwekundu.

Angélique akayatazama yote mawili. Lile la mkononi mwa Mama lilikuwa na kipande cha kitambaa kilichoongezwa nyuma. Alikiongeza mwenyewe, kwa sababu kichwa cha Murielle ni kikubwa.

"Eish," akasema.

Pandu akakohoa.

"Mama, niruhusu. Unyang'anyi ni wizi kwa nguvu. Nguvu itumike wakati uleule wa kuiba, au punde tu kabla, na itumike ili kuiba. Nguvu ipo. Wakati upo. Tutafute wizi."

"Wizi si huo Mama ameushika?" Murielle akauliza.

"Wizi ni kuchukua mali ya mwenzio, ukikusudia asiipate tena, na moyoni ukijua hufanyi haki. Mali ni yako, sawa. Kurudisha hakutaka, sawa. Moyo je? Dada Angélique, ulipovuta, ulijua ni la nani?"

"Langu! Ningejua ni lake ningevuta ya nini? Imeshonwa kwa kichwa kama boga!"

"Mnasikia matusi?"

"Matusi si wizi," Pandu akasema. "Aliamini kweli ni lake. Basi hakuiba, na pasipo wizi hakuna unyang'anyi."

"Kwa hiyo hana kosa?" Mama Héritière akauliza.

Angélique alimkazia Pandu macho ya kumsihi. Pandu akajikuna shingo.

"Analo. Kumvuta mtu kichwa ni kumshambulia. Lina sura yake kitabuni."

"Wakili gani wewe!" Angélique akamaka.

Mama akakata shauri: kiti kinabaki, adhabu atachagua Murielle. Murielle alikuwa nayo tayari. Angélique akasimame kwenye roboti ileile, bila wigi, mpaka taa iwe nyekundu mara tatu.

Nywele za Angélique hakuna aliyewahi kuziona, hata mchungaji wake. Alikiangalia kiti chake, akavua wigi alilovaa, akampa Murielle. Chini yake nywele zilikuwa fupi, nyeupe kama majivu.

"Ametoa kwa hiari!" Pandu akaropoka. "Mashahidi mnaona!"

Kwenye roboti, taksi zilipiga honi. Dereva mmoja akachungulia dirishani, akamsalimu: "Sharp, gogo!" Gogo ni bibi kizee, na Angélique ana miaka arobaini na mbili.

Alirudi amefura. Akamkalisha Murielle kwenye kiti, akalivaa tena lake, akamvika mteja la kwake, akaanza kushona papo hapo kichwani ukingo uliochanika lilipovutwa, akikaza uzi kuliko ilivyohitajika.

"Taratibu!" Murielle akalia. "Wakili, unaona?"

Lakini Wakili alikwisha kurudi getini.