Mgongo wa Mama Alima

Mimi Kahindo nina hasira za karibu, na sioni haya kusema. Kwetu Butembo mtu akikukosea unamwambia usoni, mnagombana, mnakula ugali, yanaisha. Ndiyo maana nyumba ya mama mkwe wangu, Mama Alima, ilinishinda. Yeye hagombani. Unamrushia maneno, yeye anasema "Alhamdulillahi" na kuendelea kukunja vikwembe vyake.

Vikwembe ndiyo kazi yake, vitenge kama wengine wanavyoviita. Anauza soko la Virunga tangu mume wangu, Rachid, akiwa mdogo. Uliza mtu yeyote wa mtaa wetu wa Mabanga: Mama Alima anakizungusha kitambaa kiunoni mwake mwenyewe, anageuka mara moja tu, na mteja ameshatoa pesa. Wazazi wake walikuwa wafanyabiashara wa Kasongo, kule Maniema, na mume wake, marehemu Papa Aruna, alikuwa dereva. Vita vya mwaka wa tisini na sita vilimkuta na Rachid mgongoni, akakimbia naye. Mwaka wa elfu mbili na mbili volkano ikateremka, ikala nyumba na mali yote. Alirudi moshi haujaisha, akatandika vikwembe vitatu juu ya jiwe ambalo bado lina joto, akauza. Waasi walipoingia mjini mwaka wa elfu mbili na kumi na mbili alifunga siku mbili tu. Siku ya tatu alifungua, kwa kuwa, anasema, hata mke wa muasi anavaa.

Mwanamke wa namna hiyo, halafu akatae kumbeba mjukuu wake!

Binti yetu Sumaya alizaliwa Januari ya elfu mbili na ishirini. Katika ukoo wa Rachid, siku arobaini zikiisha, bibi anamfunga mtoto mgongoni na kumzungusha kwa majirani. Nilimuogesha mwanangu, nikampaka mafuta, nikamleta. Mama Alima akarudi nyuma hatua mbili.

"Mama Sumaya, usinibebeshe. Haiko mutoto ninakatala. Iko hii ngozi."

Ngozi! Mimi nikasikia kitu kingine kabisa. Nikasikia: mtoto wa Mnande wa Butembo, mtoto wa yule Mkatoliki.

Kweli alikuwa ameugua. Miezi mitatu kabla sijajifungua alitokwa na malengelenge, ule ugonjwa wa mkanda wa jeshi ambao waganga wa hospitali wanauita zona. Yalianzia kwenye uti wa mgongo, yakazunguka mbavu za kushoto mpaka chini ya titi. Watu wa avenyu yetu wakanong'ona kwamba ni sida, yaani ukimwi. Akapimwa, hana. Malengelenge yakakauka, yakabaki madoa, tukasema asante Mungu, yamekwisha.

Kumbe ndiyo kwanza yanaanza. Alisema upepo unamchoma. Maji ya baridi yalimuunguza. Siku nyingine sisimizi walitembea ndani ya nyama, siku nyingine pale palikufa ganzi kabisa. Alivaa mashati mapana ya marehemu, na hata hayo alitembea ameyashika mbali na ubavu kwa vidole viwili, kama mtu aliyeshika panya kwa mkia. Munganga wa kwanza alisema ni mishipa ya fahamu, itapoa. Wa pili akatazama picha, akatazama damu, akasema haoni kitu. Neno hilo nikalikamata: haoni kitu.

"Adhabu ya kaburi aijuaye maiti," Mama Alima aliniambia siku moja.

Nikamjibu kwamba maiti haendi sokoni kila asubuhi.

Mwezi wa tano wa mwaka uliofuata, uvumilivu ukaniisha. Ilikuwa Ijumaa, Rachid yuko njiani na lori lake, mbali, huko Kisangani. Mama Alima amekaa kwenye kiti, amefumba macho. Nikasema moyoni, leo nitajua. Nikamtua Sumaya ubavuni kwake, taratibu, kama unavyoweka yai. Akapiga yowe, mkono ukamruka, mtoto akaanguka kwenye mkeka. Hakuumia. Lakini mimi nilikuwa nimeshapata jibu langu.

"Mama, umemutupa! Juma ijayo naenda Butembo na mutoto wangu, na hatutarudi."

Alilia. Ilikuwa mara ya kwanza kumuona akilia, na sikumhurumia hata kidogo.

Kesho yake jioni, mlima ukapasuka. Yesu na Maria! Mbingu yote ya upande wa Kibati, chini ya mlima, ikawa nyekundu, mpaka unaweza kuhesabu vidole vya jirani barabarani. Nimezaliwa na kukua nikisikia habari za volkano hii, Nyiragongo, nilidhani najua. Sikujua kitu. Nilisimama uani mdomo wazi, na hofu yenyewe ilichelewa kuja, kwa jinsi kile kitu kilivyokuwa kikubwa.

Moto haukufika kwetu. Lakini ulikata barabara ya Butembo, na wiki nzima ardhi ikatetemeka, kuta zikachanika. Alhamisi asubuhi redio ikatangaza: Mabanga na mitaa mingine, tokeni. Tukatoka kwa miguu kuelekea Sake pamoja na mji mzima. Sumaya mgongoni kwangu, Mama Alima na furushi kichwani, shati lake kashika kwa vidole viwili.

Karibu na Mugunga ardhi ilitikisika tena, watu wakasukumana, nikaangukia mtaroni. Nilipoinuka, kifundo cha mguu kilikuwa kimevimba kama kiazi. Peke yangu ningeweza kuchechemea. Na mtoto mgongoni, hapana. Pikipiki zilipita zimejaa watu watatu, wanne. Nikaanza kutazama nyuso za watu nisiowajua, nikitafuta nani nimpe mwanangu ambebe.

Mama Alima akatua furushi.

"Leta."

"Mama, hautaweza."

"Leta mutoto."

Akachomoa kikwembe kipya, akainama. Nikamlaza Sumaya juu ya yale madoa, nikafunga polepole, kwa uoga. Mama Alima akauma mdomo mpaka damu ikatoka. Alitembea hatua kumi, jasho likimchuruzika. Akasimama.

"Kaza."

Nikakaza.

"Kaza tena. Funga kama unafunga kuni!"

Nikavuta kwa nguvu zangu zote, mpaka Sumaya akaguna. Mama Alima akatulia. Macho yakamtoka, akatazama mbele kama mtu anayesikiliza.

"Imenyamaza," akasema.

"Nini, mama?"

"Moto. Imenyamaza, Kahindo. Wallahi, imenyamaza."

Hakuwahi kuniita kwa jina langu. Mwili ukanisisimka wote pale barabarani. Kumbe kilichokuwa kinamuua ni mguso mwepesi: shati, upepo, kiganja cha mtoto. Uzito uliombana sawasawa ulimtuliza! Na sisi sote tulimwambia avae mapana, asiguswe. Nami Ijumaa ile, kwa kumtua mtoto taratibu, nilimchoma kuliko kama ningempiga ngumi. Nilimuuliza munganga baadaye, akasema hutokea kwa wengine, si kwa wote, na kwa nini hasa, yeye hajui. Basi kama munganga hajui, mimi ni nani?

Akaenda mpaka Sake hivyo, furushi nikiwa nalo mimi, nikichechemea nyuma yake kwa fimbo. Mgongo wake ulinyooka kama wa msichana, na kichwa cha mwanangu kililala pale pale penye ugonjwa. Mlima ulinishangaza, sikatai. Lakini huyu mama alinishangaza zaidi.

Tulipumzika kwenye uwanja wa shule. Mtoto alitaka kushuka, nikafungua kikwembe. Ndipo nilipoona kwa macho yangu. Hakuna aliyemgusa, hakuna upepo, lakini ngozi ya ubavu ilirukaruka yenyewe, na Mama Alima akashika nguzo akihema kama mwanamke aliye kwenye uchungu wa kuzaa. Moto ulikuwa umerudi wote. Nikapiga magoti, na mguu wangu ule mbovu.

"Mama, nisamehe. Sikukuamini."

"Hata miye," akasema akihema, "kama haikuwa mwili yangu, singeamini."

Akajifuta uso. Sumaya alikuwa amekwisha kumrudia, anamvuta shati. Mama Alima akanigeuzia mgongo, akainama.

"Leta mujukuu wangu."

"Mama, pumuzika kwanza."

"Nimepumuzika tangu alizaliwa."