Kinyozi wa Mwenye Upara

Simu ya kifo cha kaka yangu ilinikuta kwenye mazoezi ya kwaya, tukirudia ubeti ambao sauti ya tatu haijawahi kuuweza. Aliyepiga ni fundi pikipiki, jirani yake wa karakana. "Dada, kaka ametutoka. Alikuwa anapigilia kochi, akakaa chini, basi." Nikampigia shangazi huku nalia. Shangazi, mama wa maombi anayefunga kila Ijumaa, akauliza swali la kwanza ambalo imani ilimpa:

"Alikuwa amekunywa?"

Swali hilo lilifika msibani kabla ya maiti. Ukoo mzima uliliuliza, kwa sauti ya chini, kwa heshima. Wifi yangu peke yake hakuuliza. Alikuwa ameshajijibu.

Kaka alikuwa fundi wa makochi na mlevi, na kazi zote mbili alizifanya kwa bidii. Alikuwa ameacha pombe mara nyingi kuliko mtu yeyote ninayemjua. Kila alipoacha aliita ukoo, tukaomba, tukala, shangazi akalia. Wiki haijaisha, analetwa nyumbani juu ya mkokoteni. Mwishowe akaniambia, "Mdogo wangu, mnaniombea vizuri sana. Ila nitafutie watu wanaoujua ugonjwa wenyewe."

Nikampeleka kwenye kikundi cha kanisani kwetu. Kikundi kizuri; kasoro yake ndogo ni kwamba hakikuwa na mlevi hata mmoja. Tulikuwa wanakwaya, mashemasi na shangazi. Tulimkalisha katikati, na mzee wa kanisa akaeleza kwa kirefu ubaya wa pombe kwa mtu pekee mle ndani aliyekiri kuionja. Kaka akatoka na kiu.

Kikundi cha pili kilikutana hotelini, kwenye ukumbi wenye kiyoyozi. Hawa hawakuwa walevi. Walikuwa na "changamoto ya vinywaji". Zamu ya kaka ilipofika, akasema, "Mimi nililala kwenye kochi la mteja, nikapelekwa nalo mpaka sebuleni kwake." Hakuna aliyecheka. Mwenyekiti alimshukuru kwa mchango wake. Kisha tukaonyeshwa njia ya kutokea, ambayo ilipita katikati ya baa.

Cha tatu alikisikia kwa mteja. Ilikuwa saluni ya kiume inayofungwa Jumatatu, na mwenye saluni mwenyewe alikuwa ameacha pombe baada ya kumkata mtu sikio. Jumatatu jioni walishusha pazia, wakakaa kwenye viti vya kunyolea, wakaongea wakitazamana kwenye vioo. Nilimsindikiza kaka mpaka mlangoni.

"Dada, na wewe unakunywa?" kinyozi akaniuliza.

"Mungu apishe mbali!"

"Basi utusubiri nje."

Nilikaa kwenye ngazi na Biblia yangu. Ndani nikasikia wanacheka. Nilimwuliza Mungu kwa nini ameamua kumponya kaka yangu mahali ambapo mimi sina zamu. Kaka akatoka macho mekundu, safari hii kwa machozi. "Hawa ndio wenyewe," akasema. "Ila vile viti vimechanika, aibu tupu." Jumatatu iliyofuata alibeba ngozi na nyundo.

Aliniapisha nisimwambie mtu, hata mkewe. "Nimewatangazia vya kutosha. Safari hii naacha kimya." Kwa hiyo nyumbani aliaga kwamba anakwenda kwa kinyozi. Na kaka alikuwa na upara ambao mtu angeweza kujitazama humo.

"Kila Jumatatu?" wifi alimwuliza mbele yangu. "Anakunyoa nini, mawazo?"

"Hayo hayo," kaka akajibu.

Wifi akahamishia mto wake chumba cha watoto. Kaka hakunuka tena pombe, kwa hiyo ukoo uliamua kwamba amegundua isiyonuka.

Siku ya maziko, mwili ulipoletwa nyumbani, kinyozi alikuja na mkoba mdogo. Nyuma yake walisimama watu wanne nisiowajua. Shangazi akawazuia mlangoni.

"Nyie ni nani kwa marehemu?"

Wakatazamana.

"Mimi kinyozi wake," yule akasema.

"Marehemu alikuwa na upara, baba."

"Najua, mama. Nimekuja kumnyoa ndevu."

Wifi akatoka ndani. "Wewe ndiye wa Jumatatu?"

"Ndiye mimi, shemeji."

"Alikuwa anakuja kufanya nini?"

Kinyozi akanitazama. Niliona kiapo kile kimekwisha pamoja na aliyeniapisha, nikamwitikia kwa kichwa.

"Alikuwa anakuja kutokunywa," akasema. "Hakuwahi kukosa."

"Na siku aliyokufa?"

"Alipita kwangu mchana kupima kiti cha mwisho. Tulikunywa chai."

Wifi akaenda mwenyewe kuchota maji ya moto. Shangazi akawapisha mlangoni.

Kinyozi alimnyoa taratibu. Wifi alishika bakuli, na povu lililobaki chini ya sikio akalifuta kwa kidole. Alimwambia mumewe kitu ambacho sikukisikia.

Tulimzika jioni ile. Mchungaji alisoma, kwaya tukaimba, sauti ya tatu ikakosea palepale. Wifi alitupa udongo wa kwanza, kisha akampisha kinyozi. Wale wanne wakafuata, mmoja mmoja, bila kujitambulisha. Shangazi hakuwauliza tena. Kaburi lilipojaa tukaomba, tukaweka maua, tukarudi nyumbani.